Maji ya Magurudumu

Mwaka juzi nilishuka kwa treni pale mji wetu wa zamani, ule mdogo kando ya ziwa kati ya Gilgil na Nakuru, na kabla sijatoka hata nje ya stesheni nikasikia chuma kinalia. Ngaa. Ngaa. Ngaa. Sauti ndefu, nyembamba, inayokaa hewani kama haijui pa kwenda. Watoto wakaanza kukimbia, miguu vumbi tupu, na mama mmoja aliyekuwa anauza viazi pale nje akanicheka: "Ni kengele ya shule tu, dada. Mbona umeshtuka hivyo?" Nilikuwa nimesimama na mzigo mkono mmoja, na mkono wa pili, haki ya Mungu, ulikuwa unatafuta debe la maji.

Nitakuambia kwa nini. Lakini uniache niende pole pole, maana mimi nikianza hii habari na hasira huwa naimaliza kwa kelele, na mtu anatoka hapo hajaelewa kitu ila kwamba Nyambura ana mdomo.

Mji wetu ulikuwa na barabara moja, maduka sita ya Wahindi, posta, kanisa la mawe, klabu ya Wazungu na hiyo stesheni. Basi. Lakini vibao! Sijaona mji wa vibao kama ule. Wazungu wa pale walikuwa wamekaa miaka arobaini hivi, na tayari walikuwa wanajitunza kama watu wa Agano la Kale. Bomba la moshi la nyumba yao ya kwanza, nyumba yenyewe ilishaanguka, bomba limeachwa limesimama peke yake, kibao. Mti ambao mtu fulani alitundikia mizani ya kupimia nyama, kibao. Nyuma ya klabu kulikuwa na farasi amezikwa, na msalaba, na jina lake. Mimi nilijua jina la huyo farasi kabla sijajua majina ya ndugu za mama yangu.

Na kitu kikubwa kuliko vyote kilikuwa gari la ng'ombe. Lilikaa kwa bustani, chini ya kibanda cha mabati, mahali unaona ziwa lote. Gari la mbao, refu, magurudumu manne, yale ya nyuma yananipita kimo. Walisema ndilo gari la kwanza kulala hapo kando ya ziwa, siku ambayo mji haukuwa mji bado. Mbele yake walijenga nguzo fupi ya simiti, na juu ya simiti wakafunga ubao wa shaba umeandikwa Kizungu. Kwa mlango wa bustani kulikuwa na kibao kingine, hicho hata asiyesoma alijua kinasema nini, maana askari alikuwa anakisomea watu kwa rungu: Mwafrika haingii, isipokuwa ana kazi.

Guka yangu alikuwa na kazi. Kazi yake ilikuwa lile gari.

Guka ni babu, baba ya baba yangu. Jina lake Njoroge. Cucu ni nyanya, mke wake. Baba na mama walikuwa Nakuru, baba anafanya kazi ya reli, wanakaa landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, chumba kimoja na wadogo wangu, kwa hivyo mimi niliachiwa Guka na Cucu nikiwa mdogo sana. Na kwa desturi yetu msichana wa kwanza anapewa jina la mama ya baba. Cucu ni Nyambura, mimi ni Nyambura, kwa hivyo mimi ni Cucu, na kama mimi ni Cucu basi mimi ni bibi ya Guka. Hivyo ndivyo hesabu yetu inaenda. Guka hakuwahi kuniita kwa jina langu. Aliniita "bibi arusi." Na Cucu, akiwa na furaha, aliniita mke mwenza. "Mke mwenzangu," ananiambia, amekaa kwa kigoda anachambua maharagwe, "mume wetu anataka chai, na mimi jana nilimpikia. Leo ni wewe." Kwa bomba la maji wanawake walinitania: "Wewe, mzee wako anaosha magurudumu leo? Na wewe atakuogesha lini?" Nilikuwa nawajibu mpaka wanashika mbavu. Nilikuwa na miaka minane na sikuogopa mtu.

Sasa sikia kazi yenyewe. Ziwa letu si la kunywa. Ni magadi. Mwaka wa ukame linarudi nyuma linaacha uwanja mweupe, na upepo wa saa nane ukija unainua hiyo vumbi, inaingia kwa macho, kwa nywele, kwa ugali. Inanuka kama yai bovu limeoshwa na sabuni. Inakula chuma, na inanyonya mbao mpaka zinakauka kama mfupa. Gurudumu la gari la ng'ombe ni mbao imebanwa na pete ya chuma pande zote. Mbao ikikauka inasinyaa, chuma hakisinyai, basi pete inalegea, na siku moja inaanguka yenyewe na gurudumu linafunguka kama ua. Dawa yake ni maji. Kila asubuhi, kila gurudumu, pole pole, mbao inywe ishibe, ijae, ibane chuma chake.

Maji ya ziwa hapana, yana magadi. Ni maji matamu kutoka kwa tangi la stesheni, lile la kunyweshea injini. Mimi ndiye nilikuwa nabeba. Debe kichwani, kutoka stesheni mpaka bustani, na askari wa mlango alinizoea, hata Memsahib, mama wa Kizungu aliyesimamia bustani. Guka alichukua jiwe lake, la mviringo, alilificha chini ya kibanda, akagonga pete ya chuma akiweka sikio karibu. Ikisema "ko," fupi hivyo, kama mlango mzito, anatingisha kichwa: huyu ameshiba. Ikilia, "ngaa," ananiangalia kama ni mimi nimekosa. "Unasikia, bibi arusi? Anakuomba maji." Na mimi nakimbia kuleta debe lingine.

Ule ubao wa shaba pia ulikuwa wake. Kila Jumamosi aliusugua na majivu na ndimu mpaka unaona meno yako ndani. Alikuwa anausugua akiimba kidogo. Na hakujua kusoma hata herufi moja.

Lakini alijua ubao unasema nini. Alijua, kwa sababu yeye ndiye aliyelileta lile gari. Hii habari nimeisikia mara nyingi kuliko Baba Yetu. Alikuwa kijana, ameondoka kwao kutafuta kazi, akaandikwa na Mzungu mmoja ambaye watu walimwita Ndevu. Kazi yake ilikuwa kutembea mbele ya maksai, ameshika kamba ya ngozi, anawaonyesha njia, wazungu wamekaa juu ya gari. Maksai kumi na sita, na wa mbele wawili walikuwa Kapteni na Diuki. Alinisimulia tabia zao kama mtu anayesimulia wajomba. Kapteni alikuwa mvivu mpaka umwimbie. Diuki aliogopa maji. Walipofika kwa ule mto wa mwisho, mvua imejaa, Diuki akakataa, na Guka akaingia mtoni mpaka kifuani akamshika pembe akamvuta, akimtukana na akimbembeleza, na walipokuwa wanapanda ukingo gari likarudi nyuma kidogo, na gurudumu la kushoto likapita juu ya mguu wake. Vidole viwili vilibaki huko. Aliwahi kuvua akala yake, kiatu cha mpira wa gari, kunionyesha, mguu mweusi unaoishia vibaya, na akasema bila huzuni, kama mtu anayeonyesha shamba lake, "Mimi nilifika hapa kabla ya vidole vyangu vingine."

Na siku walipofunga ule ubao, Ndevu mwenyewe, amezeeka, anakaribia kurudi kwao, alimpiga Guka bega mbele ya wazungu wote akamwambia, "Njoroge, hii kazi yako na mimi." Guka akaelewa kwamba jina lake limeandikwa hapo. Na wewe ungeelewa nini?

Mimi kusoma nilijifundisha. Shule ilikuwa mbali, na Cucu alihitaji mtu wa kuni. Nilianza na mikebe ya maziwa, nikaja kwa magunia ya stesheni, nikaja kwa magazeti ambayo Mhindi alifungia sukari. Kulikuwa na karani wa baraza la mji, Wafula, mtu wa magharibi, mpole, viatu vyake vinang'aa kuliko vya wazungu. Nilimsumbua njiani: hii ni nini, na hii, na mbona hii ina mkia? Alinijibu akitembea haraka, akiogopa kuonekana. Kwa mwaka mmoja na nusu nikawa naweza kuokota jina lolote kwa maandishi yoyote. Kizungu sikukijua. Lakini majina nilijua.

Nikamwambia Guka. Mungu wangu, ile furaha yake! Jumamosi hiyo alivaa koti. Akasugua ubao mara mbili. Akasimama nyuma yangu ameweka mikono yote miwili kwa mabega yangu, inanuka ndimu, na akasema, "Haya, bibi arusi. Nisomee mume wako."

Nilitafuta. Nilipitisha kidole mstari wa kwanza mpaka wa mwisho. Kulikuwa na jina la Ndevu. La mke wake. La watoto wao watatu, na mmoja alikuwa mtoto wa kubebwa. Chini kabisa nikaona Kapteni, nikaona Diuki. Nikarudi juu nikaanza tena, pole pole zaidi, nikidhani ni mimi sijasoma vizuri. Njoroge hakuwako.

Mikono yake ilikuwa bado juu ya mabega yangu. Nakuapia, sikufikiria. Mtoto anayempenda mtu hafikirii. Niliweka kidole kwa mstari wa tatu, juu ya jina la yule mtoto wa kubebwa, nikasema kwa sauti, "Njoroge."

"Hapo?"

"Hapo, Guka. Na chini ni Kapteni, na Diuki."

Akainama, akaweka kidole chake pale nilipoondoa changu. Alikikandamiza kama mtu anayepiga muhuri. Halafu akacheka, cheko refu, mpaka askari wa mlango akatoka kuangalia. Tangu siku hiyo alikuwa anasugua ubao wote, lakini mstari wa tatu aliusugua zaidi, na huo ukaanza kulika.

Nilijisikia kama nimempa ng'ombe. Nilitembea mjini kichwa juu. Na yeye akabadilika, na hapo ndipo ningeona, kama ningekuwa na akili. Akaacha kuvua kofia kwa kila mtu. Wakati Wakikuyu wenzetu wa Olenguruone walifukuzwa kule juu Mau, wakapitishwa kwa barabara yetu kwa malori, kina mama wameketi juu ya sufuria zao, watoto weupe kwa vumbi, watu wote wa kwetu walinyamaza siku nzima. Cucu aliwapelekea maji akarudi analia. Guka alitingisha kichwa akasema, "Pole yao. Lakini hao hawakuwa na ubao."

Halafu ikaja Hali ya Hatari. Sitakueleza yote, wakubwa wanaijua, na wadogo wanaisikia kila siku kwa hotuba. Nitakueleza tu iliyotufikia sisi. Ilitolewa amri Wakikuyu wote wa mashamba na miji ya kule wapigwe picha, wapewe kadi. Mwenye kadi anakaa kazini kwake. Asiye na kadi anapanda lori anarudishwa rizavu, kule Ukikuyuni, hata kama hana mtu huko, hata kama alitoka huko kabla hao wanaomfukuza hawajazaliwa. Wengine walikataa picha kwa siasa, na hao nawaheshimu. Wengi walipanga mstari kwa sababu waliogopa, na siwacheki. Guka yangu hakuwa na siasa, na hakuogopa.

Wafula alikuja nyumbani mwenyewe, saa ya chai, akakataa kukaa. "Mzee wangu," akasema, "Memsahib wa bustani ameshaandika jina lako. Anakutaka ubaki. Ni picha tu. Dakika mbili. Siku ya mwisho ni Ijumaa."

"Picha ni ya mtu asiyejulikana," Guka akamwambia. "Mimi nipange mstari na watu waliokuja juzi kung'oa viazi? Wafula, wewe si unasoma? Nenda kwa bustani usome."

Wafula aliniangalia. Aliniangalia tu, kwa muda ambao mtu anafunga kifungo cha shati. Yeye alijua ubao unasema nini, na sasa akajua nani aliusoma vibaya. Lakini hakusema. Mpaka leo sijui kama ilikuwa heshima au woga. Alisema tena "Ijumaa, mzee," akaenda.

Alhamisi Cucu aliniita nyuma ya nyumba. Alikuwa ameshika mikono yangu yote miwili, na mikono yake ilikuwa baridi. Hakuniita mke mwenza. "Mtoto," akasema, "mume wangu ni mkaidi lakini si mjinga. Kama hilo jina haliko, nitampeleka kwa picha hata nikimburuta. Niambie mimi peke yangu. Liko? Umeliona kwa macho yako?"

Hapo ndipo mahali. Kama kuna siku moja ya maisha yangu ningerudishiwa, sitaki harusi, sitaki Uhuru, nataka ile Alhamisi nyuma ya nyumba, kuku wanachakura, na Cucu ananiangalia. Nilikuwa karibu na miaka kumi na mbili. Nilijua kusema kweli. Lakini niliona akilini Guka akiambiwa, nikaona uso wake, na nikaona na wangu, maana nilikuwa nimejisifu mji mzima. Na nikakasirika. Nilikasirika kwamba ananiuliza. Nikamwambia, "Cucu, nimekuambia liko! Mstari wa tatu!"

Aliachilia mikono yangu. "Sawa," akasema. "Wewe ndiye unasoma."

Jumatatu wakaja. Afisa mmoja kijana, uso mwekundu kama umepikwa, askari wanne, na Wafula na daftari lake. Lori lilikuwa barabarani na watu tayari ndani. Guka alikuwa amevaa lile koti. Hakubishana. Aliwaambia tu kwa adabu, "Bwana, kabla ya hiyo, twende kwa bustani. Ni karibu." Na unajua walikwenda? Afisa alidhani mzee anataka kuonyesha silaha zimefichwa. Tukaenda wote, mchana kweupe, upepo wa magadi unaanza, Guka mbele anachechemea kama anaongoza maksai, afisa nyuma, bunduki nyuma, mimi na Cucu nyuma kabisa. Memsahib wa bustani alikuwa pale na kofia yake kubwa. Alipomwona Guka akashika kifua: "Njoroge! Kwa nini hapana kuja picha? Mimi naandika jina yako!"

"Jina langu liko hapa, Memsahib," Guka akasema. Akavua akala, akaonyesha ule mguu. Akaonyesha gurudumu la kushoto. Halafu akageuka akanitafuta kwa macho, na akatabasamu, akasema kwa sauti ya kila mtu asikie: "Bibi arusi. Wasomee."

Mimi mwenye mdomo. Nilisogea mpaka kwa simiti. Vumbi ilikuwa imeanza kutua juu ya shaba. Niliweka kidole kwa mstari wa tatu, ambao ulikuwa umelika mpaka herufi zinaonekana kama nyayo za zamani, na nikasema, "Njoroge." Nilisema. Mbele ya afisa, mbele ya bunduki. Nikasema tena kwa nguvu, "Njoroge!" kama jina linaweza kuingia kwa shaba ukilipigia kelele.

Afisa akamwuliza Wafula, Wafula akamjibu, na afisa akacheka. Hakucheka kwa ubaya, hiyo ndiyo inaniuma. Alicheka kama mtu aliyechoka amepata kitu kidogo cha kumfurahisha. Memsahib hakucheka. Alikuwa anaangalia chini.

Guka alitazama cheko hilo, akanitazama mimi, halafu akamgeukia Wafula. "Soma wewe," akasema.

"Mzee wangu, twende tu."

"Soma."

Wafula alisoma kwa Kiswahili, macho kwa viatu vyake, maana ule ubao aliujua kwa moyo. Kwamba hapa walifika fulani na mkewe, na watoto wao watatu, akawataja. Kwamba walivuka mito na matope bila msaada wa mtu yeyote, ila maksai zao waaminifu, Kapteni na Diuki. Kwamba vizazi viwakumbuke.

"Kapteni yuko," Guka akasema.

"Yuko, mzee."

"Na Diuki."

"Yuko."

Upepo ulikuwa unapiga mabati. "Diuki aliogopa maji," Guka akasema, kwa sauti ya mtu anayesahihisha kitu kidogo. Akainama akavaa akala yake, akafunga kamba, ilimchukua muda. Kisha akatembea kwenda kwa lori bila kushikwa.

Cucu alipakia alichoweza, na mimi nikapanda nao, maana ningebaki na nani? Memsahib alikuja mpaka kwa lori. Alikuwa analia, machozi ya kweli kabisa, nitamtendea haki. Alishika ubao wa lori akauliza, "Njoroge, sasa nani tatia maji kwa gurudumu?"

Ningekuwa mimi ningemtemea mate. Guka aliinamisha kichwa akatafuta Wafula kwa wale watu. "Wafula," akasema. "Si maji ya ziwa. Ya stesheni."

Huo ndio urithi waliotaka kuutunza. Nikikumbuka hapo nashindwa kukaa.

Kule rizavu tulikaa kwa kijiji cha nyaya na handaki, nyumba ya nyasi, jirani karibu mpaka unasikia kikohozi chake. Ukoo wa Guka haukumjua, alikuwa ametoka kijana. Shamba hakuna. Hakunipiga, hakunigombeza hata siku moja. Ila tangu lile lori aliniita Nyambura. "Nyambura, funga mlango." "Nyambura, asante." Kwa adabu, kama mtoto wa jirani. Baba yangu naye alikuwa amewekwa kizuizini, na barua zake zilikuja zimekatwa katwa na wakubwa wa kambi. Mimi nilikuwa pale, nimekaa, najua kusoma. Guka alichukua kila barua akatembea na mguu wake mbovu mpaka kwa mwalimu wa kanisa, upande ule mwingine wa kijiji, akapanga mstari, asomewe. Akirudi aliiweka kwa mfuko wa koti. Cucu alimwambia mara moja tu, "Lakini mtoto yuko hapa." Akajibu, "Mwache apumzike." Alikufa kabla ya mvua ya pili. Barua ya mwisho aliyosomewa ilikuwa bado kwa mfuko. Hiyo nayo sikuisoma. Tulimzika nayo.

Kwa muda mrefu nilidhani kosa langu lilikuwa uongo. Uongo si kitu, dunia imejaa uongo, hata ile shaba ilikuwa uongo na ilisuguliwa kila wiki. Nilikuja kuelewa nikiwa mkubwa, nimekaa kwa gari moshi na watu wa rika la Guka wanaocheka, waliopiga picha, waliobaki Subukia na Lanet na wakazeeka kwenye vitanda vyao. Walibaki kwa sababu waliogopa. Guka alikuwa na woga wake kama kila mtu, ndio uliokuwa unamvua kofia, ndio ungempeleka kwa picha Ijumaa. Mimi niliutoa. Niliweka kidole kwa shaba, nikautoa, nikafurahi.

Sasa hiyo kengele. Mwaka juzi, baada ya kushtuka pale stesheni, nilikwenda bustani. Mlango hauna askari, kila mtu anaingia, mbuzi pia. Wafula bado yuko, nywele nyeupe, viatu bado vinang'aa. Aliniambia alijaribu. Alibeba debe wiki mbili, wakamwambia si kazi ya karani. Wakaandika mwingine, akawa anachota ziwani, ni karibu. Ukame ulipokuja pete zikaanguka moja moja, na magurudumu yakafunguka, na mchwa wakamaliza. Wazungu walipouza na kuondoka, Memsahib alifungua ubao akaenda nao kwao, alisema ni wa historia. Imebaki simiti na mashimo manne. Nilikuwa nimebeba msumari kwa mfuko, mpya, nilinunua Nakuru, kwa ajili ya kuandika jina moja. Hakuna pa kuandika.

Pete moja ya chuma walimu waliitundika kwa mti wa shule, wanaigonga na jiwe. Wafula alitaka kunifariji, aliniambia, "Si unaona, gari la mzee linaita watoto kusoma." Nilimwambia anyamaze. Nilimwambia vibaya, na baadaye nilimwomba radhi. Yeye hakusimama pale asubuhi na sikio karibu na chuma. Hajui kwamba gurudumu zima halilii.

Nililala kwake usiku mmoja, na asubuhi ikapigwa tena. Ngaa. Nikachukua debe la mke wa Wafula, nikaenda kwa tangi la stesheni, siku hizi injini hazinywi tena hapo lakini lina maji bado, nikajaza, nikabeba kichwani mpaka bustani. Chini ya kibanda kulikuwa na kitovu kimoja cha gurudumu, cheusi, kimepasuka, spoki mbili bado zimeshika. Nikamwagia pole pole, kama nilivyofundishwa. Maji yalipita ndani yakatoka upande wa pili, masafi vile vile, yakaingia kwa vumbi nyeupe, na kule shuleni chuma kilikuwa bado kinalia.